Ukiona Vyaelea: Namna ya Kuchonga Bata Maji kwa Mpingo

Mpingo hauelei. Ukikata kipande cha kiini chake, hata kiwe kidogo kama kidole gumba, ukakitia katika ndoo ya maji, kitashuka moja kwa moja mpaka chini, kwa sababu mita moja ya ujazo ya mti huo ina uzito wa kilo 1,200 hivi, ilhali maji ya ujazo huohuo yana kilo 1,000. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuuchukua mti huo unaozama na kuchonga kutoka humo ndege ambaye kila atakayemtazama ataona anaelea. Nimewaandikia hasa vijana wa Mtwara na Lindi ambao tayari wanaijua tezo na patasi, ambao wameshachonga sinia, fimbo na sanamu za kuuza, lakini ambao kazi zao zikiwekwa mezani huonekana zimetuama kama mawe.

Ndege ninayemkusudia ni bata maji mwenye shingo ndefu. Huku kwetu Kusini hayupo. Ulaya yupo mweupe pe, na dume lake kubwa huweza kupita kilo 10. Australia yupo mweusi mwenye mdomo mwekundu, ambaye ncha za mabawa yake zina manyoya meupe yanayoonekana zaidi anaporuka. Nimemchagua kwa kuwa watu wengi humtumia kama mfano wa msanii: juu ya maji ametulia, shingo imesimama, mwili unateleza bila kutikisika, na chini ya maji miguu inasukuma bila kupumzika. Wahenga wetu wa pwani walikwisha kulisema jambo hilo kwa maneno matatu, ukiona vyaelea vimeundwa, nao walikuwa wakifikiria vyombo vya baharini. Aliyewahi kusimama ufukweni Mikindani mashua ikiundwa anaelewa walichokiona. Fundi huanza na mkuku, ule mti wa chini kabisa, akapanga mataruma, yaani mbavu za chombo, akapigilia mbao, kisha akaziba kila mwanya kwa kalafati ya pamba, na siku chombo kinaposhushwa, sehemu kubwa ya kazi hiyo huingia majini isionekane tena, na macho ya watu wote huenda kwenye tanga.

Utaratibu nitakaoufuata hapa ni wa fundi huyo wa mashua. Tutaanza chini, na tutakaa chini kwa muda mrefu.

Kumjua ndege kabla ya kuushika mti

Wachongaji wengi huihesabu kazi tangu pale shoka linapogusa gogo. Mimi naihesabu tangu siku ya kwanza ya kumtazama ndege, na nakushauri nawe uiandike siku hiyo katika daftari. Kwa kuwa bata maji hatunaye, anza na bata wa kufugwa, maana kanuni za kuelea ni zilezile. Tafuta nyumba yenye bata na dimbwi, au nenda asubuhi kwenye maziwa yetu, Kitere kwa upande wa Mtwara au Rutamba kwa upande wa Lindi, ukae mbali na ukingo kwa usalama wako, uwatazame ndege wa majini kwa saa nzima bila kuchora chochote. Utagundua kwamba hawakai juu ya maji kama sufuria inavyokaa mezani. Sehemu ya mwili imezama, na mstari ambapo maji hukutana na kifua uko juu kuliko unavyodhani. Mchongaji asiyeliona jambo hili huchonga ndege mzima, kisha humweka juu ya kitako bapa, na matokeo yake ni bata aliyekaa kwenye sakafu.

Halafu mtazame miguu. Omba ruhusa umshike bata wa jirani, uvute mguu wake taratibu na kuuachia. Anaposukuma nyuma, vidole vitatu vya mbele hutanuka na utando ulio kati yake hufunguka kama bapa la kasia; anapourudisha mguu mbele, vidole hukusanyika na utando hujikunja ili maji yasimzuie. Miguu hupokezana, mmoja ukisukuma, mwingine ukirudi. Ichore miguu hiyo miwili, uliofunguka na uliokunjika, tena ichore mara nyingi, kwa sababu utaihitaji mapema kuliko kichwa.

Miguu humsogeza ndege, lakini haimfanyi aelee. Kinachomfanya aelee ni hewa iliyonaswa katikati ya manyoya yake, pamoja na vifuko vya hewa vilivyo ndani ya mwili, na manyoya hayo hubaki bila kulowa kwa kuwa yeye mwenyewe huyatunza: hufikisha mdomo kwenye tezi iliyo juu ya shina la mkia, huchukua mafuta, huyapaka unyoya kwa unyoya, kila siku. Wenye kupita njia humwona anajirembesha. Sisi wachongaji tuna kazi inayofanana na hiyo, nayo ni kunoa. Mpingo hula makali haraka sana, na patasi butu haikati bali huponda, ikaacha alama ambazo hutaziona mpaka siku ya kung'arisha, wakati umeshachelewa. Kila asubuhi, kabla ya kuugusa mti, kaa na kinoo na maji kwa nusu saa, na urudi kwenye kinoo kila unapohisi mkono unaongeza nguvu. Fundi aliyenifundisha alinikataza kuchonga kwa miezi miwili ya kwanza. Nilinoa vifaa vyake tu. Wakati ule niliona ananitumikisha. Leo nikimpokea kijana, namwanzishia palepale.

Shingo ya bata maji ina pingili za mifupa 22 hadi 25, ilhali binadamu ana 7, na hata twiga ana 7. Ndiyo maana mpindo wake hauna kona. Tafuta picha zinazotembea katika simu, uzisimamishe hapa na pale, uchore ndege huyo kwa ubavu, kwa mbele na kwa juu. Mchoro wa juu ndio unaosahauliwa na wengi, nao ndio unaokuonyesha kwamba mwili wake una umbo la mashua: umechongoka mbele, umetanuka katikati, umebanwa tena nyuma.

Mwisho wa hatua hii, finyanga ndege huyo kwa udongo, kwa kipimo kilekile utakachochonga. Akina mama wafinyanzi wanaujua udongo unaoshika bila kupasuka, na sijawahi kumwona hata mmoja aliyekataa kumwelekeza kijana anayeuliza kwa heshima. Udongo unasamehe makosa, mpingo hausamehi.

Mti wenyewe

Mpingo hukua polepole mno, na unaweza kuhitaji miaka 70 au zaidi mpaka ufae kuvunwa. Gogo lililo mbele yako huenda lilichipua kabla ya Uhuru wa 1961. Kwa hiyo nunua mti wenye karatasi. Uvunaji unataka leseni, na usafirishaji unataka hati ya kupitisha mazao ya misitu, mambo ambayo ofisi za Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania zitakueleza. Kama mti umetoka katika msitu wa kijiji, mazungumzo huanzia kwa serikali ya kijiji. Wilayani Kilwa wapo wanavijiji ambao tangu 2009 misitu yao ya asili ilipata cheti cha kimataifa cha usimamizi mzuri, na mpingo ndio uliowafikisha huko. Vilevile, tangu Januari 2017 mpingo na ndugu zake wote wamo katika mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, hivyo mteja anayetaka kuipeleka kazi yako nchi za nje aulize mapema kuhusu vibali, asije akaanza kuuliza akiwa uwanja wa ndege.

Unapochagua, liache gogo lililonyooka. Mti huu kwa kawaida una shina fupi lenye mabonde na matawi yaliyojikunja, na wanaotafuta vipande vilivyonyooka vya kutengenezea klarineti hutupa sehemu kubwa ya kila gogo. Kilicho hasara kwao ni riziki kwetu. Tafuta kipande chenye kiwiko, mahali ambapo tawi kubwa limetoka kwenye shina, ili nyuzi za mti zipande pamoja na shingo na kupinda pamoja nayo. Shingo iliyochongwa kwa kukingama nyuzi hukatika, kama si mkononi mwako basi mikononi mwa mteja, na hakuna gundi itakayoificha aibu hiyo. Zungusha kipande polepole, uweke kidole pale unapoona shingo ikianza, ukifuate kidole mpaka kichwani. Kama kidole kinalazimika kukatiza nyuzi, rudisha kipande hicho na utafute kingine, hata kama umetembea kutwa nzima.

Tazama pia tabaka jembamba la rangi ya maziwa lililo kati ya gome na kiini cheusi. Wengi hulichonga lote na kulitupa, kwa sababu ni laini na wadudu hulipenda. Ukimchonga ndege wa Australia, libakize kidogo kwenye ncha za mabawa, palepale ambapo ndege huyo ana manyoya meupe. Hapo mti na ndege wamekubaliana bila rangi yoyote kupakwa, na mimi sijui furaha nyingine katika kazi hii inayoizidi hiyo.

Kuhusu kukausha nitasema kwa urefu kidogo, kwa kuwa ndiko nilikoumia. Mpingo hukauka taratibu, na ukiharakishwa hupasuka kuanzia kwenye ncha zilizokatwa, kwa sababu maji hutoka huko haraka kuliko ubavuni. Mara ya kwanza nilipopata kipande chenye kiwiko kizuri, nilikisimamisha ukutani nje ya nyumba mwezi wa saba, kusi ikivuma na jua likiwaka, nikaona naisaidia kazi. Baada ya wiki tatu ufa ulikuwa umeingia kutoka kitako mpaka mahali ambapo kifua kingekuwa. Tangu siku hiyo hufanya hivi: nazipaka nta iliyoyeyushwa ncha zote mbili siku ileile ya kukata, nalilaza gogo kivulini, ndani, mbali na meko, nikalifunika kwa gunia. Likiwa bado na ubichi, nalipunguza kwa tezo mpaka libakie unene wa vidole viwili kuzidi umbo ninalolitaka, nalirudisha chini ya gunia, na kulisahau kwa miezi kadhaa. Nyufa ndogo zitakazotokea zitakuwa katika unene huo wa ziada, nao utaondoka. Anayesubiri kwa namna hii lazima awe na kazi nyingine za kumlisha, ndiyo maana kwenye banda langu daima kuna magogo matano au sita yaliyolala na moja tu linalochongwa.

Chini kwanza

Umefika wakati wa kuligeuza gogo kichwa chini. Usianze na kichwa, usianze na mabawa. Anza na upande utakaokaa juu ya meza.

Kwanza tia alama ya mstari wa maji, yaani mstari ambapo mwili wa ndege utakatwa na uso wa meza kana kwamba meza ndiyo maji. Mstari huo usiwe sambamba na mgongo. Bata maji anaposogea, kifua huinuka kidogo na maji hukibusu chini yake, kwa hiyo kata kitako kwa mwinamo mdogo sana. Kwa ndege wa urefu wa sentimita 30, tofauti ya nusu sentimita kati ya mbele na nyuma inatosha kumtoa katika kukaa na kumtia katika mwendo. Kata kwa msumeno wenye meno madogo, sawazisha kwa tupa, umweke kwenye kioo au sahani bapa, umsukume kwa kidole kimoja. Akitikisika, rudi kwenye tupa. Mimi hutumia siku nzima kwa kazi hii moja.

Kisha punguza kingo za kitako, zipande kwa kupinda kuingia ndani, ili ukimtazama ndege kwa ubavu uone uzi mwembamba wa kivuli kati yake na meza. Uzi huo wa kivuli ndio maji. Bila huo ndege amegandishwa, na ukiwepo jicho hukubali kwamba kuna kitu chini yake kinachombeba. Usizidishe, kwani kivuli kikubwa humfanya aonekane amewekwa juu ya kigingi.

Sasa chukua ile michoro ya miguu. Katikati ya kitako, mahali ambapo hakuna atakayepaona ndege akiwa mezani, chonga miguu miwili kwa mchongo wa kina kifupi: mmoja umetanuka na utando wake wazi, mwingine umekunjwa unarudi mbele. Nimeulizwa mara nyingi kwa nini nijisumbue kuchonga kitu kitakachofunikwa. Jibu langu la kwanza ni la kifundi. Nikishachonga miguu, mkono wangu unajua ndege anakwenda upande gani na mguu upi unasukuma, na mwili wote ninaouchonga baadaye hujipanga kwa kuifuata miguu hiyo. Bega la upande unaosukuma hujaa kidogo, mkia huegemea kidogo, na mtazamaji huona uhai ambao hawezi kuutaja asili yake. Mchongaji anayebahatisha mwendo kutokea juu hupata mwili wenye pande mbili zilizo sawa kabisa, kama mfuniko wa chungu.

Jibu la pili ni kwamba sisi tumerithi kazi ya namna hii. Tazama mtindo wa ujamaa katika sanamu za Wamakonde, ambao chimbuko lake linahusishwa na mchongaji Roberto Yakobo Sangwani katika miaka ya 1950: watu wamepandana mabegani kuzunguka gogo, na macho ya mnunuzi hukimbilia aliye juu kabisa. Chukua sanamu nzuri ya mtindo huo ukaitazame chini, utakuta wale waliokanyagwa na wote wamechongwa kwa uangalifu uleule, kila kidole cha mguu kimeshika, kila shingo imekaza kwa uzito ilioubeba. Sanamu ambayo fundi wake aliwachoka wa chini huonekana inaanguka, hata kama mtazamaji hawezi kusema kasoro iko wapi.

Mwili, shingo na uso

Kutoka kwenye kitako panda juu. Punguza kwa tezo kwa mapigo mafupi, ukifuata nyuzi, na ugeuze gogo mara kwa mara ili usimalize upande mmoja ukiwa hujaugusa mwingine. Mgongo na mabawa havitakusumbua kama umemtazama ndege vya kutosha, kwa hiyo sitakaa hapo. Nitasema jambo moja tu kuhusu manyoya. Ndege mmoja wa jamii hii aliwahi kuhesabiwa manyoya akakutwa nayo zaidi ya 25,000, na sehemu kubwa yake ilikuwa kichwani na shingoni, lakini hakuna jicho linaloyaona yakiwa moja moja. Chonga mistari michache kwenye mabawa, na shingo iache laini kabisa.

Shingo ndiyo itakayokupima. Usiitenge na kifua mapema. Acha ukuta mwembamba wa mti kati ya shingo na kifua, mithili ya utando, ukiishikilia shingo wakati unapigapiga patasi sehemu nyingine, na uutoboe ukuta huo siku za mwisho kabisa, kwa kisu na tupa ya mviringo, bila kutumia nyundo. Vijana huona haya kuuacha ukuta huo kwa sababu kazi inaonekana mbaya kwa wiki nzima, na wapita njia husimama barazani na kuuliza kama unachonga birika. Waache waulize. Ukimaliza kutoboa, pitisha vidole viwili kutoka kichwani mpaka mgongoni ukiwa umefumba macho. Vidole vitakuonyesha kona ambazo macho yamekuficha.

Uso uwe mtulivu. Jicho liwe dogo, mdomo ufungwe. Hapa mimi huikumbuka ngoma ya mapiko, ile ya vinyago ya Wamakonde, niliyoikuta nilipokuwa mdogo. Mchezaji hufunikwa nguo mwili mzima, na kinyago alichokivaa ni mti, hakina unyusi wala shavu linalotikisika. Mabega, kiuno na miguu ndivyo vinavyofanya kazi yote, na kadiri mwili unavyotetemeka ndivyo ule uso uliotulia unavyotisha zaidi. Mazoezi yake hufanyika mbali na macho ya watu. Ukichonga uso wa bata maji wenye kujitahidi, nyusi zimekunjwa na mdomo umeachama, umeiondoa jitihada mahali pake chini ya maji na kuileta juu, na ndege wako atazama mbele ya kila mtu.

Kusugua na kung'arisha

Funga pua na mdomo kwa barakoa au kitambaa kizito kilicholoweshwa kidogo, na ufanye kazi hii mahali penye upepo, kwa kuwa vumbi la mpingo huwasha ngozi na kuudhi kifua, na wapo wenzetu walioacha kazi kwa sababu ya vumbi hilo. Sugua kwanza kwa tupa laini, halafu msasa wa namba 80, kisha 120, 240, 400 na 600, bila kuruka namba hata moja. Kabla ya kupanda namba, futa ndege kwa kitambaa chenye maji, umwache akauke, umgeuze kwenye mwanga wa jua la jioni linalokuja kwa ubavu. Michubuko iliyojificha itajitokeza. Wazee walitumia majani makavu ya mti wa msasa, uliozipa karatasi zetu jina lake, na mimi bado huyatumia kwenye mpindo wa ndani wa shingo kwa sababu yanajikunja kuliko karatasi.

Sugua chini vilevile. Miguu ile miwili ipitishwe namba zote mpaka 600, sawa na kichwa.

Maliza kwa nta ya nyuki, kidogo sana, uipashe joto kwa kiganja na kuisugua kwa kitambaa cha pamba mpaka kitambaa kisishike tena. Nakusihi usitumie rangi nyeusi ya viatu. Kiini cha mpingo kikisuguliwa vema kina weusi wenye zambarau ndani yake, na rangi ya viatu huufunika weusi huo na kuupaka mti wote uso mmoja, ikalifuta na lile tabaka la maziwa ulilolihifadhi kwenye mabawa. Zaidi ya hayo, rangi hiyo hutumiwa na wanaouza miti mingine kwa jina la mpingo, na kazi yako haistahili kuvikwa vazi la kazi hiyo.

Kueleza bei

Katika daftari andika kila siku saa ulizofanya kazi na ulichokifanya, pamoja na saa za kutazama, za kufinyanga udongo na za kunoa. Daftari langu la ndege wa sentimita 30 huonyesha kwamba kuanzia kitako mpaka nta hupita siku 12 za kazi, na kwamba siku 5 kati ya hizo ziliishia kwenye sehemu zisizoonekana. Bila maandishi hayo utajikuta unakubaliana na mnunuzi anayepima kazi kwa ukubwa wake, na utauza siku 12 kwa bei ya siku 3. Wasanii wengi wa kwetu wameiacha patasi wakaenda kwenye korosho peke yake kwa sababu hiyo, nami siwalaumu. Nasikitika kwamba hakuna aliyewafundisha kuhesabu.

Lakini usimsomee mteja daftari, wala usimsimulie jasho lako. Mpe ndege mkononi. Mwaka mmoja alikuja mama mmoja wa makamo kutoka Lindi, akamtazama ndege kwa muda, akaniuliza bei, nikamtajia.

"Baba, mbona kadogo hivi na bei yote hiyo?"

"Mama, naomba umgeuze."

Akamgeuza. Kwanza alishtuka kwa uzito, kwa sababu macho yalikuwa yamemwambia kwamba ni mwepesi. Kisha akaiona miguu. Alipitisha kidole kwenye ule uliotanuka, akapitisha kwenye ule uliokunjika, akamrudisha juu ya meza na kumtazama upya kwa ubavu, halafu akamgeuza tena.

"Kumbe anapiga kasia," alisema, na akafungua mkoba.

Imebaki hatua moja, nayo huifanya kabla ya kupaka nta. Chukua patasi nyembamba kuliko zote, uinoe kwa mara ya mwisho, ulichonge jina lako pale chini, katikati ya miguu miwili, herufi zikifuata upande anaoelekea ndege.